Kesi ya Mashine ya Mzee Kiboko

Paliondokea kijiji kikiitwa Ukingoni, kando ya mto mpana, na mwenyekiti wake alikuwa Mzee Kiboko. Alikuwa kiongozi mwenye sauti: akiitisha mkutano, samaki walihamia ng'ambo. Zahanati walikuwa wamempa vidonge vya presha, na mwanawe aliyefanya kazi mjini alipopata habari akamnunulia mashine ya kupimia nyumbani, ile yenye mkanda unaofungwa mkononi ukajaa upepo. Akaituma kwa basi, imeviringishwa katika khanga mpya ya mama yake.

Mzee Kiboko aliifungua mbele ya halaiki, na karatasi ya maelezo akampa mjukuu achezee. Ndiyo kwanza alikuwa ametoka mkutanoni. Koo lilikuwa limekauka kwa kufoka juu ya mpaka wa malisho, na kahawa ya pili alikuwa ameimaliza punde hivi. Kibofu kilikuwa kimejaa, maana mwenyekiti haondoki kitini kabla ya wajumbe. Koti la uenyekiti alikuwa nalo mwilini, na mkanda akaufunga juu ya hilo koti. Ulikuwa mkanda wa mkono wa kawaida, na mkono wa Kiboko hauna ukawaida wowote. Wajukuu wawili waliuvuta huku na huku hadi ukashika kwa ncha. Akabonyeza kitufe akiwa amesimama, mkono unaning'inia, huku akiendelea kumkaripia karani wake. Mashine ikanguruma, mkanda ukajaa, ukalegea, namba zikatoka: 186 juu, 108 chini.

"Imekosea," akasema. Akapima tena papo hapo: 191. Akahamia mkono wa pili: 179.

"Namba tatu kwa pumzi moja! Mtu akinipa maneno matatu juu ya jambo moja, mimi humwita mwongo."

Kikao hicho nimekieleza kwa kirefu kwa makusudi. Karibu kila kinachoharibu kipimo cha presha kilikuwapo pale kwa wakati mmoja, na hakuna hata kimoja ambacho huwezi kukikuta katika nyumba zetu, jioni ya leo, pale baba anaporudi kutoka dukani akaomba aletewe mashine kabla hajavua viatu.

Siku hizo Sungura alikuwa na biashara juu ya kilima. Aliuza maji ya ndimu na kitunguu saumu, kibuyu kimoja kwa kikapu cha mahindi, na alikuwa na mashine yake mwenyewe ya kuthibitisha. Mteja akifika kileleni, ulimi nje kwa kupanda, Sungura alimpokea kwa bashasha, akamfunga mkanda akiwa wima, akamuuliza habari za nyumbani, za shamba, za watoto, na mashine ikipima huku mteja akijibu. Namba ilitoka kubwa. Sungura alishika kichwa. Ndipo akamnywesha kibuyu, akamkalisha kwenye kiti chenye mgongo chini ya mkwaju, mkono ukilazwa juu ya meza, miguu yote miwili chini. "Dawa hii haitaki maneno," alisema. "Ukizungumza, inakimbia." Mteja alikaa kimya mpaka kivuli kisogee kidogo. Kipimo cha pili kilishuka kwa 20, kwa 30, mbele ya macho yake mwenyewe.

Mzee Kiboko alipanda. Akapimwa 188. Akanywa, akakaa, akanyamaza kwa mara ya kwanza tangu uchaguzi, akapimwa tena: 154. Alishuka kilima akiimba, akavitupa vidonge vya zahanati mtoni. Jioni akajipima nyumbani, koti mwilini na karani mbele yake, mashine ya mwanawe ikasema 183. Hapo akaamua: ya Sungura ni ya kweli, ya nyumbani ni ya uongo. Akaishtaki mbele ya baraza la wazee.

Kesi haijaanza, yakatokea ya Mzee Nyati. Huyu alikuwa akimeza kidonge kimoja kila asubuhi kwa miaka, bila kelele. Alipoona namba imeshuka kwa kibuyu, akaacha. Haukupita mwezi, mkewe akamkuta kitandani alfajiri mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia hauinuki, maneno hayaeleweki. Mama Nyati hakungoja kuche wala hakwenda kilimani. Alipiga yowe, vijana wakamfikisha hospitali saa ileile. Alipona roho, ila mguu anauburuza mpaka leo na jina la mjukuu wake hulitafuta muda mrefu.

Shirika la Afya Duniani linasema watu wazima wenye presha ya juu ulimwenguni wanazidi bilioni 1, na karibu nusu yao hawajui kuwa wanayo. Haiumi. Nyati hakuumwa na chochote hadi alfajiri ile. Ndiyo sababu ile namba, iliyopimwa sawasawa, ni kitu cha thamani: kwa mgonjwa wa aina hii hakuna homa wala kikohozi cha kumwonya, isipokuwa namba.

Siku ya kesi baraza lilikaa chini ya mbuyu. Mzee Tembo alikuwa mwenyekiti wa shauri. Mashtaka yalisomwa: kwamba mashine, ikiwa na akili timamu, ilimtaja mwenyekiti wa kijiji kwa namba tatu tofauti katika pumzi moja, kinyume cha heshima. Aliyesimama kuitetea ni Nesi Korongo wa zahanati, mwenye miguu mirefu na maneno machache.

Shahidi wa kwanza alikuwa Fisi. Alikuja na daftari safi, kila ukurasa 120, 122, 118.

"Shikamoo wazee. Mimi naisifu mashine. Ina ukweli, ila yataka subira."

"Subira ya namna gani, Bwana Fisi?" akauliza Nesi Korongo.

"Napima. Ikitoka mbaya, napima tena. Nikipata nzuri, naandika."

"Jana ulipima mara ngapi?"

"Mara tisa."

"Ukaandika ngapi?"

"Hiyo moja nzuri. Daktari akiiona hufurahi, na mimi sipendi kumwudhi daktari."

Barazani palicheka, ila Mzee Tembo hakucheka. Aliagiza daftari liwekwe kando ya mashine, kama kielelezo.

Kisha akaitwa Punda. Wengi walinung'unika: Punda ana nini na presha? Punda akasimama wima.

"Habari hii tunarithishana katika ukoo wetu wa kwato moja. Kipimo cha kwanza kabisa cha presha hakikufanywa kwa binadamu, kilifanywa kwa farasi jike, ndugu yetu, huko Uingereza. Kasisi mmoja, Stephen Hales, alimfunga chini, akamtia mrija wa shaba katika mshipa wa paja, akaunganisha na mrija mrefu wa kioo uliosimama wima. Damu ikapanda ndani ya kioo hadi kimo cha mita 2 na nusu, ikawa inapanda na kushuka kwa kila pigo la moyo. Akayaandika katika kitabu mwaka 1733. Ndugu yetu hakurudi bandani. Nyinyi leo mnafungwa kitambaa kwa dakika moja na hamtaki kuvua koti."

Pakawa na minong'ono. Nesi Korongo akamwomba aendelee hadi kwenye mkanda.

"Mkanda ulikuja mwaka 1896. Daktari Mwitaliano, Scipione Riva-Rocci, aliona si lazima kutoboa mshipa. Ukiubana mkono kwa upepo mpaka mapigo ya kifundoni yapotee, kimo cha zebaki kinakuambia nguvu ya damu. Ila mkanda wake ulikuwa mwembamba, na mwaka 1901 Mjerumani mmoja, von Recklinghausen, akaonyesha kwamba mkanda mwembamba huipandisha namba pasipo sababu. Akaupanua. Jambo hilo lina zaidi ya miaka 120 sasa, wazee."

Nesi Korongo akageuka. "Fundi Buibui, una futikamba?"

Buibui, fundi cherehani wa kijiji, aliupima mkono wa Mzee Kiboko katikati ya bega na kiwiko: sentimita 41. Nesi akainua mkanda uliokuja na mashine, akawaonyesha maandishi madogo pembeni: 22 hadi 32. Akaupitisha kwa wazee wote, mmoja mmoja, hata Babu Kobe aliyehitaji muda kuusogeza karibu na macho. Maandishi hayo yapo kwenye kila mkanda unaouzwa kwa haki, na wanunuzi wengi hawajawahi kuyatazama. Mkanda mdogo kwa mkono mnene ni mashahidi wawili wanaokubaliana kusema uongo kabla mashine haijaanza kazi.

"Na mashine yenyewe haina masikio," akaendelea Nesi. "Mkanda ukilegea polepole, damu inapita kwa kishindo katika mshipa uliobanwa, mshipa unatetema, na mtetemo huo unasafiri ndani ya upepo wa mkanda. Hicho ndicho inachosoma. Sasa Mwenyekiti anapomtikisia karani mkono, isome mshipa au isome karipio?"

Mzee Kiboko alinguruma chini kwa chini, hakujibu.

Aliyefuata ni Twiga, na ushahidi wake ndio uliowakaa wazee akilini. "Presha yangu," alisema kutoka juu, "ni kama mara mbili ya wengi wenu, nami ni mzima. Moyo wangu una kazi ya kuipandisha damu mita 2 za shingo. Ikitoka moyoni ina nguvu nyingi. Ikifika kichwani, nguvu iliyobaki inakaribia ya kwenu. Damu ni ileile, nami ni mimi yuleyule. Ukinipima kifuani na ukinipima shingoni utapata namba mbili, na hakuna iliyodanganya."

"Na kwa mkono, Bibi Twiga?"

"Ni hivyohivyo. Mkono ukining'inia chini ya moyo, kwa kila sentimita 10 namba huongezeka kati ya 7 na 8. Ukiuinua juu ya moyo, hupungua kwa kiasi hicho. Kaa, uweke mkono mezani, mkanda uwe usawa wa kifua. Kama meza ni fupi, kunja blanketi uliweke chini ya mkono. Na usiubebe mwenyewe kwa misuli, uache ulale."

Kisha Nesi Korongo akaomba ruhusa ya kufanya jambo mbele ya baraza. Aliwataka Swala, Ngedere na Kasuku wakimbie hadi kileleni kwa Sungura na kurudi. Walipofika wakihema, akawapima wamesimama, mkono chini, huku akiwauliza habari za huko. Swala 161, Ngedere 152, Kasuku 147. Akakichukua kibuyu cha Sungura, akakimwaga, akakisuuza, akakijaza maji ya mto mbele ya wote. Wakanywa. Akawakalisha kwenye viti vyenye mgongo, miguu chini, hakuna aliyekunja nne, mkono umelala usawa wa moyo, mkanda juu ya ngozi tupu, kidogo juu ya kiwiko. Dakika 5. Kasuku alifumbwa mdomo kwa jani la mgomba kwa hiari yake mwenyewe, maana alisema hajiamini. Akapima. Swala 124, Ngedere 129, Kasuku 126.

Baraza lote likamgeukia Sungura.

"Mimi sikusema uongo," Sungura akalia. "Namba zilishuka! Wote waliona!"

"Zilishuka," akasema Mzee Tembo. "Debe la mahindi lililotikiswa na debe lisilotikiswa hayalingani, ingawa debe ni lilelile. Wewe ulipima mara ya kwanza umetikisa, mara ya pili umetuliza, na bei ya kutuliza ukamtoza mtu kikapu cha mahindi. Nyati ametoa na mguu."

Hapo Nesi Korongo alisema maneno ambayo natamani kila nyumba yenye mashine iyasikie, kwa hiyo nayaandika kama alivyoyatamka. "Wazee wangu, kukaa kimya si adabu ya kumfurahisha nesi. Ule utulivu ni sehemu ya kipimo, kama mkanda ulivyo sehemu ya kipimo. Nusu saa kabla, usinywe kahawa, usivute tumbaku, usipande kilima. Nenda haja ndogo kwanza; kibofu kilichojaa hupandisha namba. Mara ya kwanza kabisa pima mikono yote miwili, na ule wenye namba kubwa ndio utakaoutumia siku zote. Asubuhi pima kabla ya chai na kabla ya kidonge, na jioni tena. Kila kikao vipimo viwili, dakika moja katikati, uandike vyote viwili. Siku 7. Ya kwanza tunaiacha, maana mtu bado anaiogopa mashine. Zilizobaki tunatafuta wastani. Namba moja haimtii mtu ugonjwani, wala haimtoi."

"Na ikitoka kubwa mno?" akauliza Mama Nyati kutoka nyuma. Barazani hapakuwa na aliyethubutu kumtazama.

"Mama, ikifika 180 kwa 120 au zaidi, kaa utulie dakika chache, pima tena. Kama bado ipo hapo, usisubiri kesho, watafute wahudumu wa afya siku hiyohiyo. Na kama kuna maumivu ya kifua, kukosa pumzi, upande mmoja wa mwili kulegea, macho kuona giza au ulimi kuwa mzito, ni hospitali mara moja, kama ulivyofanya wewe. Huko haendi mtu na mashine, anakwenda mbio."

Hukumu haikuchukua muda. Mashine iliachiwa huru. Mzee Kiboko aliamriwa kununua mkanda ulioandikwa kipimo cha mkono wake, na koti la uenyekiti libaki msumarini wakati wa kupima. Fisi aliamriwa kuandika kila namba, na daktari aarifiwe kwamba furaha aliyokuwa akipewa ilikuwa ya kughushi. Kuhusu Sungura, wazee hawakumchapa wala kumfukuza. Walitwaa kile kiti chake chenye mgongo, na meza, na kivuli cha mkwaju, vikawa mali ya kijiji. Sungura mwenyewe akapewa kazi ya kuwakalisha wanaokuja kupimwa na kuhesabu dakika 5. Aliijua kazi hiyo kuliko mtu yeyote. Kilichoondolewa ni kibuyu, na kituo kikashushwa kutoka kileleni hadi njia panda.

Mambo yaliyofuata yaliwashangaza wengi. Swala alikuwa akiandikwa presha ya juu kila aendapo zahanati, kwa kuwa Daktari Nungunungu ana miiba mgongoni na Swala akiiona tu moyo wake hupaa. Chini ya mkwaju, siku 7, wastani wake ulitoka 121 kwa 77. Daktari hakumwanzishia dawa, alimtaka aendelee kujipima mara kwa mara. Kwa Babu Kobe ikawa kinyume chake. Zahanati huwa mtulivu na namba zake za kupendeza. Nyumbani, asubuhi baada ya asubuhi, 146, 149, 151. Angeendelea kuishi akiamini ni mzima. Alianza matibabu mwezi uleule.

Mzee Kiboko alijipima siku zake 7 na siku ya nane akaenda zahanati, daftari kwapani. Daktari Nungunungu aliiacha siku ya kwanza, akajumlisha zilizobaki, akagawanya: 151 kwa 94.

"Hapa zahanati tunahesabu presha ya juu kuanzia 140 kwa 90," akamwambia. "Nyumbani, ambako mtu ametulia, wastani wa 135 kwa 85 unatosha. Umevuka, Mwenyekiti. Unarudia vidonge vyako, nami nitaongeza kimoja."

Kidole chake kikasimama Alhamisi asubuhi, kwenye 173.

"Hii ni nini?"

Mzee Kiboko akainamisha kichwa. "Usiku ule sikulala, daktari. Nilikuwa ndani ya mpunga wa mtu."

"Na ukaiandika?"

"Fisi angeiacha. Mimi nimeiandika, na mwenye mpunga nimekwisha kumlipa."

Daktari akamwandikia tarehe ya kurudi, wiki 4 mbele, na chini yake akaandika: aje na daftari lilelile.